Aliyekaa Kiti cha Adui

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kifungua mimba wa seremala na mshona nguo. Alichelewa kusema. Mama alijipa moyo kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wenyewe tuliusubiri sana.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya karakana ya baba, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1986 akahitimu uhandisi wa mawasiliano. Mwaka uliofuata alimuoa muuguzi mcheshi aliyeongea kwa niaba ya wote wawili. Walijaliwa watoto wawili.

Kazi yake ilikuwa kulinda mawasiliano yasiyotumia waya. Maabara yao ilitumia nadharia ya michezo, yaani hesabu za watu wanaoviziana: anayezungumza huchagua nguvu ya kurusha mawimbi, mdukizi huchagua pa kutegea sikio, na kila mmoja hukisia hatua ya mwenzake. Mtambo wa tatu humwaga kelele ili mdukizi asiambulie neno. Katika majaribio, lazima mtu awe mdukizi. Kaka alijitolea, wenzake wakambandika jina la Adui. Alikaa peke yake stoo, vipokea sauti masikioni, na kazi ilipofana alisikia mvumo mtupu.

Mwaka 2011 mkewe alifariki, na watoto walikuwa wamekwishahamia makwao. Nyumba ikawa kimya, naye hakuwa mtu wa kubisha hodi kwa jirani. Siku moja kule stoo mvumo ukapasuka, sauti zikapenya: wenzake wawili waliokuwa wakijaribu mtambo ukumbini walikuwa wakitaniana kuhusu watoto wao. Angenyamaza, angekuwa nao kila siku, na hakuna ambaye angejua. Alimsimulia mdogo wake anayewasomea haya kwamba alisikiliza mpaka chai ikapoa. Kisha akafungua mlango.

“Nawasikia. Ongezeni kelele upande wa dirishani.”

Wakaongeza. Akarudi kitini kwake, na roho ilimuuma.

Alistaafu mwaka 2021. Mwaka jana figo zilianza kumsumbua, akalazwa. Jioni moja wanawe na mdogo wake walikuwa mlangoni mwa wodi wakinong'onezana maneno ya daktari, asiyasikie. Akawaita.

“Jamani, semeni kwa sauti. Hapa hakuna adui.”

Wakaingia, wakamwambia yote, kisha wakapiga gumzo mpaka akasinzia. Alifariki tarehe 2 Juni asubuhi, watu wakiongea kando ya kitanda chake.

Ameacha watoto wawili, mjukuu mmoja na mdogo wake wa kike. Mungu ampumzishe kwa amani, na huko aliko asikose wa kumsemesha.