Yosamu Baluku, Mpiga Baruti Aliyengoja Majibu

Ndugu waombolezaji, mimi ni Yeseri, mdogo wa marehemu, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya mtu ambaye hakuwahi kutulia kitini mpaka uji wake ukaisha, basi mnivumilie.

Yosamu Baluku alizaliwa Kyarumba tarehe 3 Mei 1931, akasoma Kisinga hadi darasa la sita, mwaka 1947, na mwaka 1953 akaajiriwa katika machimbo ya mawe karibu na Kinyamaseke, ambako baadaye alifanywa mpiga baruti. Tarehe 7 Januari 1956 alifunga ndoa na Naome kanisani Bwera, wakakaa huko, wakajaliwa watoto watano.

Desturi ya machimbo ilikuwa kuuliza kwa sauti kama kuna mtu mwambani, na pasipokuwa na jibu, kulipua. Tarehe 19 Agosti 1966 Yosamu aliuliza, upepo wa mlimani ukivuma, hakuna aliyejibu, akalipua, kumbe mfanyakazi mwenzake, Katembo, alikuwa amerudi nyuma ya mwamba kuchukua koti lake, na tukamzika. Wakubwa walisema Yosamu hana kosa, lakini usingizi ulimhama, akawa anazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, hata akaigeuza desturi yenyewe: kila mfanyakazi aitwe kwa jina, ajibu akiwa amekwisha kujikinga, na mmoja akinyamaza, baruti ingoje.

Msimamizi alinung'unika kwamba kazi inachelewa. Mwezi Februari 1973 afande mmoja wa jeshi alitaka mawe ya kujengea kambi upesi, akaamuru mwamba ulipuliwe, lakini mfanyakazi mmoja, Aloysius, hakuwa amejibu, Yosamu akalikalia sanduku la baruti, akapigwa, akafungwa, na huyo Aloysius akapatikana kilabuni, amelewa chakari. Tulimcheka sana Yosamu alipotoka kifungoni, naye akatujibu kuwa heri mutu iko kwa pombe kuliko iko kwa kaburi, na wenzake wakakataa kulipua bila majina kuitwa, na hawajaacha mpaka leo.

Vumbi lilimshika kifua mwaka 1976, na tarehe 14 Machi 1978 akafariki hospitalini Kisinga, akiwa bado anataka kushuka kitandani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani wa Bwera, na wenzake wa machimboni. Tunamshukuru pia Mama Alisi, mjane wa Katembo, ambaye tangu msiba ule hakumsalimia marehemu, na sisi hatukumlaumu, lakini jana amekuja na kuni kichwani, akaingia jikoni kwa Naome bila kuitwa, akawasha moto.

Kaka, umehangaika vya kutosha. Pumzika kwa amani.