Faustina, Aliyeipeleka Mwanjelwa hadi Tukuyu

Faustina Kalinga alizaliwa tarehe 3 Machi 1974 huko Ilula, Iringa, mtoto wa tatu wa Mama Evarista, aliyeuza nyanya kando ya barabara kuu. Kazi yake ya utotoni ilikuwa kupanga nyanya kwa rangi: zinazoanza kuiva kwa abiria wa Dar es Salaam, nyekundu kwa wanaoishia Iringa mjini. Alipenda kusema kwamba jicho lake lilisomea pale.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1988 na kidato cha nne mwaka 1992, kisha akajifunza upigaji picha katika studio moja Iringa mjini. Mwaka 1997 alifungua studio yake Mwanjelwa, Mbeya. Asubuhi, kabla wateja hawajafika, alizunguka sokoni na kamera.

"Dada, unapiga picha ndoo?" walimtania wachuuzi. "Nipige mimi, nimechana nywele!"

"Subiri," alijibu. "Mwanga haujatosha."

Tarehe 22 Agosti 1998 alifunga ndoa na Lusekelo Mwaisaka wa Tukuyu. Kwa mila ya Kinyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mzee Isakwisa, baba yake Lusekelo, aliishika mila hiyo, na Faustina akaiheshimu, akipitia nyuma ya nyumba na khanga usoni. Mwaka 2011 miguu ya Mzee ilikataa, asiweze tena kufika Mbeya mjini. Ndipo Faustina akaanza kumwachia picha mlangoni: maturubai ya bluu baada ya mvua, mikungu ya ndizi juu ya baiskeli, ndoo za kila rangi. Majibu yalipitia kwa mama mkwe, Esnath: "Mzee anasema ndoo amezipenda. Ila mji mzima hauna hata ng'ombe?" Mwezi uliofuata alipelekewa picha ya ng'ombe wa Uyole, akivuka lami taratibu kama diwani.

Mwaka jana Faustina aligundulika kuwa na saratani ya ini. Mzee alituma swali moja: "Na yeye mwenyewe yuko wapi kwenye hizi picha?" Faustina alitamani sana baba mkwe amjue, lakini hakutaka kuwa yeye wa kumvunjia mila. Alimpelekea picha ya khanga yake ya njano, imeanikwa uani. Mzee huilaza chini ya mto wake.

Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Juni 2024, nyumbani Mbeya. Sisi wanafamilia tulipomuuliza Mzee kama sura ya Faustina ichapwe kwenye ratiba hii ya mazishi, aliitoa ile picha ya khanga chini ya mto.

"Ichapeni," akasema. "Nimemsubirisha mno mtoto wa watu."

Leo amekaa mbele yetu, na ratiba iko mkononi mwake.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, Eveline na Brayson, mama yake mzazi, na wakwe zake wote wawili.

Pumzika kwa amani, Faustina. Mwanga umetosha.