Disketi Iliyobanduliwa Jina

Mheshimiwa chifu wetu, Ratu Viliame, Mwenyekiti wa Chama chetu cha Wakulima wa Miwa, Ndugu wajumbe wa Halmashauri, Ndugu viongozi wa vikosi vya wakata miwa, wafanyakazi wenzangu, nawe Bi Merewalesi, unayestaafu leo huku ukinitazama kana kwamba nimekuibia kuku: bula vinaka kwenu nyote.

Mimi Apenisa, karani mkuu, nimepewa kazi ya kumsifu mkuu wa chumba chetu cha kompyuta. Kwa bahati mbaya yake, mimi ni mtani wake. Miungu ya kale ya kwao na ya kwetu ilikuwa ndugu, kwa hiyo naruhusiwa kumsema mbele za watu, naye haruhusiwi kununa. Basi nasema wazi: mama huyu hamwamini mtu. Hamwamini fundi, hamwamini mhasibu, na chai niliyompelekea leo asubuhi aliinusa kwanza. Nilipomuuliza kulikoni, akanijibu, "We Apenisa, watu wa kwenu wakikupa kitu bure, hesabu vidole vyako."

Lakini jamani, mwaka huu nani kati yetu alimwamini mwenzake?

Kwa wageni ambao hamkuwapo: msimu wa kuvuna ulipokaribia, kompyuta zetu ziliingiwa na kirusi. Ukiwasha mashine, inakuandikia kejeli kwenye kioo, kisha orodha ya zamu za kuvuna inaanza kupotea kipande kipande. Na mkulima aliyepotelewa na zamu, si miwa yake inakaukia shambani? Akaitwa mtaalamu kutoka Suva. Akasafisha, akala, akaaga. Jumatatu kirusi kikarudi. Akaitwa tena, akasafisha tena, na kirusi nacho kikarudi tena kama shemeji.

Hapo macho yakaanza kutafuta mtu, yakamwangukia Shiu Lochan. Ndiye yule pale mlangoni, karani wa zamu, aliyekalia ncha ya kiti. Kosa lake? Anafunga droo yake kwa ufunguo. Anakula peke yake. Tena tusidanganyane, ndugu zangu: tangu yale mapinduzi ya mwaka themanini na saba, kuna majina, ya Kihindi, ambayo tukikosa wa kumshuku hutujia ya kwanza. Halmashauri ikakaa, ikaamua kwamba mwezi huu ukiisha, Shiu asirudi kazini.

Bi Merewalesi hakukubali. Wala msidhani alimtetea. Aliniambia, "Shiu simwamini. Lakini na nyinyi siwaamini. Sasa kwa nini nianze na yeye?"

Akaanza na mtaalamu. Bwana yule aliziwasha mashine kwa diski zao zenyewe zenye ugonjwa, ndipo akasafisha. Alikuwa anafua nguo kwa maji ya tope. Kisha akatugeukia sisi. "Kirusi hakina miguu," alisema. "Kinapanda disketi. Disketi zenu ziko wapi?"

Ndugu wageni waalikwa, mlitaka tujibu nini? Zangu alikuwa nazo binamu yangu, aliyezipeleka kwa mkwewe, mwalimu, ambaye naye aliombwa na kanisa. Ndugu akikujia na kukuambia "kerekere", yaani anakuomba kindugu, utamnyima? Na bosi akiuliza nani anayo, utamtaja ndugu yako afedheheke? Kwa hiyo kila siku ya usafi tulionyesha disketi zilizokuwapo, na zilizokuwa mitaani tukazinyamazia. Zikirudi Jumatatu, zinarudi na mgeni ndani. Kikulacho ki nguoni mwako, nasi nguo hizo tulikuwa tunaazimana.

Ijumaa moja Bi Merewalesi akatandika mkeka katika chumba chake, akakoroga yaqona, kinywaji chetu cha heshima, akaketi chini, akapiga makofi kama desturi inavyotaka. Nilidhani atatukaripia. Akasema, "Kerekere, ndugu zangu. Naomba disketi zenu zote. Siulizi ilikwenda kwa nani."

Mama huyu ana ujanja wa mwizi mstaafu! Nani angemkatalia? Zikatoka mikobani, zikatoka ndani ya Biblia, zikatoka kwenye magari. Moja ilikuwa imekalishiwa sufuria la moto, ikapinda kama chapati ya jana. Ndipo akazima kompyuta kwa kukata umeme kabisa, maana ukiiwasha upya bila kuizima, kirusi hujibanza humo humo kikakusubiri. Akaiwasha kwa disketi yake mwenyewe, safi, aliyoziba pengo la ubavuni kwa kibandiko ili mashine iisome lakini isiweze kuiandika. Disketi ile hajamwazima hata dada yake, na dada yake hajamsemesha hadi leo. Akanakili kwanza orodha ya zamu, ndipo akaisafisha diski kuu. Kisha zile za mkekani, moja moja: nzima kulia, gonjwa kushoto.

Nilikuwa nimesimama pale. Kushoto kulijaa zetu. Zangu zote zilikuwa kushoto. Za Shiu zilikwenda kulia, zote.

Mnajua kwa nini? Hakuna anayemwambia Shiu "kerekere", naye hana wa kumwambia. Miaka yote hii hatukumfanya ndugu, na ndiyo maana hakupata ugonjwa wetu wa kindugu. Niliona aibu siku ile, na ninaiona sasa.

Disketi iliyokuwa mbovu kuliko zote ilifika mwisho, imeletwa na dereva. Ilikuwa na mchezo wa mbio za farasi, na jina limebandikwa juu. Bi Merewalesi alilibandua jina lile haraka, akalitia mkobani. Mimi sikulisoma vizuri. Niliona tu kwamba lilikuwa refu na lilianza na cheo. Macho yangu ni mabovu, Ratu, usiwe na wasiwasi.

Tangu Ijumaa ile kirusi hakijarudi, na miwa inakatwa kwa zamu. Mashine ni safi. Lakini uamuzi juu ya Shiu uko palepale. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni! Au tumesafisha mashine, sisi wenyewe tukabaki na kirusi?

Chama kilimuuliza Bi Merewalesi anataka zawadi gani ya kustaafu. Mikeka aliikataa. Saa ya ukutani aliikataa, nadhani aliinusa pia. Akaniita kando, akasema, "Utaniombea wewe, mtani, maana wewe huna haya."

Basi, Ratu, napiga magoti. Hili nililolitoa mfukoni ni jino la nyangumi, la mama yake Bi Merewalesi, naye alipewa na mama yake. Wote humu tunajua: ukilipokea, umekubali, ukiliacha hapa mkekani, sote tutaliona limelala.

Kerekere, Ratu. Tunakuomba Shiu.

Nawashukuru wote mlionipa masikio yenu. Mimi nimemaliza, ila siinuki.