Kisiagi cha Ruguru Kimezimwa

Benchi letu hapa Karurumo ni ubao mmoja mrefu uliopigiliwa kwenye ukuta wa kisiagi cha Ruguru. Injini ikisaga mahindi, ubao hutetemeka, nasi hutetemeka nao. Ndiyo maana Mursal, aliyetoka mji wa Maua akatufundisha sisi wakulima wa kahawa kuinywa, hutumiminia nusu kikombe tu, na kila mtu hukishika kwa mikono miwili. Njue anaitwa Ufunuo, kwa kuwa huona siku za mwisho kila mahali. Adrian, kijana wetu wa simu, ni Setilaiti. Mimi wananiita Rejista, kwa kuwa kila mtu namwita jina alilopewa na wazazi wake. Asubuhi hiyo ya kiangazi alikuja Mugendi, anayemchimbia Ruguru kisima nyuma ya kisiagi. Hakuja kupiga soga. Alikuwa na udongo nyweleni, na alitaka tumwambie kama ashuke tena au asishuke.

— Udongo unanimwagikia, alisema Mugendi. Si mwingi. Lakini wiki jana ulikuwa unaanguka mara moja kwa siku. Sasa hata sijajaza ndoo, umeanguka tena. Na kule chini kuna kitu kinanguruma.

— Kinanguruma namna gani? nilimuuliza.

— Kama kisiagi, Mzee.

Tulicheka wote, migongo yetu ikitetemeka ukutani.

— Si ni kisiagi basi! alisema Njue. Mtu anasikia ng'ombe zizini halafu anauliza ni simba gani.

— Ngojeni, wazee, alisema Adrian. Matetemeko yameongezeka, hiyo si uongo. Uturuki, Moroko, Myanmar, juzi tu Ethiopia. Kila nikiamka simu imelia, kwingine kumetingika.

— Yameongezeka matetemeko, au zimeongezeka simu? nilisema. Nikiwa shule ya misheni, Japani ingeweza kuanguka nasi tusijue mpaka gazeti lifike.

— Sawa, Mzee, mashine za kupima ni nyingi siku hizi. Lakini kwani mashine inaweza kupima kitu ambacho hakipo?

— Imeandikwa, alisema Njue. Kutakuwa na matetemeko mahali mahali.

— Karurumo imeandikwa? aliuliza Mursal.

— Mahali mahali ni kila mahali, wewe mtu wa Maua!

Ruguru alitoka ndani, kope zake nyeupe kwa unga.

— Mnaniogopeshea mtu wangu. Mfereji umekauka tangu Desemba, ng'ombe wangu wanalamba ndoo tupu, na ninyi mnahubiri! Mugendi, nikizima hii mashine utashuka?

— Nikijua ni yenyewe, nitashuka, mama. Maji yako karibu. Udongo umeanza kushikana mkononi.

Ruguru aliingia, injini ikakohoa, ikanyamaza. Alirudi na mkanda wa mashine shingoni, ili mtu yeyote asiiwashe, akaketi nasi. Nilisikia kuku wa jirani, ambao sikuwa nimewahi kuwasikia nikiwa pale.

— Haya, shuka kwa amani, Njue alimwambia Mugendi. Mchimba kisima huingia mwenyewe!

— Njue, hiyo methali si baraka.

— Rejista, methali ni dawa. Inafanya kazi hata ukikosea ugonjwa.

Mugendi alitabasamu kidogo, akamaliza kahawa yake, akazunguka ukuta pamoja na Gachoki, mwenzake wa kamba. Tulisikia gogo la kuzungushia kamba likilia kwa muda mrefu, kisha likatulia. Amefika chini.

Mursal, alipoona ubao umetulia, alitujazia vikombe mpaka ukingoni. Ilikuwa mara ya kwanza.

— Mimi nitawaambia ukweli, alisema Adrian. Ni mafuta. Wameyanyonya yote huko chini. Dunia ni kama gunia, ukitoa mahindi chini, ya juu yanashuka.

— Bibi yangu alisema dunia imebebwa kwa pembe ya fahali, alisema Mursal. Pembe moja ikichoka, anaihamishia ya pili. Hapo ndipo inapotingika.

— Na kwa nini sasa anahamisha kila siku?

— Mmejenga maghorofa, Setilaiti. Mzigo umekuwa mzito.

Njue aliinamisha kichwa, akashusha sauti.

— Si fahali. Wazee wetu hawakuwa wakizika watu. Uongo, Rejista?

— Si uongo. Babu yangu alipelekwa kichakani.

— Basi. Tumeanza kuzika juzi tu, na tumezika bila kupumzika. Huko chini kumejaa. Aliyelala katikati akitaka kujigeuza, wote lazima wajigeuze.

Kisha Njue aliruka, akajipangusa suruali.

— Mursal! Umenimwagia kahawa!

— Kikombe kiko mkononi mwako, Mzee Njue.

— Ni uzee huo, Ufunuo, alisema Adrian. Chelewa chelewa utapata mwana si wako.

Simu yake, aliyokuwa ameilaza ubaoni, ilianza kusogea polepole kuelekea ukingoni. Aliidaka.

— Nani ananitafuta saa hii?

Aliitazama. Aliigeuza, akaitazama tena. Hakuna aliyempigia.

Hapo Gachoki aliita kutoka nyuma ya ukuta. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayepeleka ujumbe.

— Mama Ruguru! Mugendi anauliza, mbona umewasha kisiagi?

Ruguru alipeleka mkono shingoni, akaushika mkanda. Alimtazama Njue, Njue akanitazama mimi.

— Mama Ruguru! Anasema tafadhali ukizime, udongo unamwagika!

— Mpandishe! alipiga kelele Ruguru. Gachoki, mpandishe sasa hivi!

Adrian na Mursal walikimbia nyuma kusaidia kamba. Gogo lilianza kulia, taratibu, kama linavyolia likiwa na mtu mzima. Ruguru aliuvua mkanda, akaulaza ubaoni, kati yangu na Njue, akawafuata. Mkanda ulikuwa ukitetemeka. Sisi wawili tusio na nguvu tulibaki tukihesabu mizunguko ya lile gogo, tukiwa tumeshika vikombe kwa mikono miwili, kama siku zote za kusaga.