Mama Umemaliza na Rafu ya Nyuma ya Mlango

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, saa tisa na nusu alasiri, mlango wa masjala ya hospitali yetu utafungwa na mkono ulioufunga kwa miaka thelathini na miwili. Kesho yake mwenye mkono huo atakuwa mstaafu. Jina lake kamili lipo kwenye barua ya utumishi. Sisi tunamwita Mama Umemaliza, na hata mkuu wa upasuaji hamwiti vinginevyo.

Alianza kama karani wa kupanga mafaili, masjala ikiwa chumba kimoja chenye dirisha lililokataa kufunguka. Anaondoka akiwa mkuu wa masjala yenye vyumba vitatu, na dirisha lile lile bado limekataa. Faili lililowahi kupotea katika zamu yake ni moja tu, nalo lilikutwa chini ya kiti cha daktari. Daktari mwenyewe ndiye aliyekuwa akigomba.

Lakini tuseme kweli. Wengi wetu hatukuwa tunafuata mafaili pale, tulifuata rafu. Iko nyuma ya mlango, ina vitabu arobaini na vitatu, na vyote vinahusu fedha za mtu mwenyewe: kuweka akiba, kuondokana na madeni, bima, hisa, hati fungani, vikundi vya kuweka na kukopa. Aliianza kwa vitabu vitatu vya kwake baada ya kuona wastaafu wetu wakiagwa kwa makofi na kiinua mgongo, kisha mwaka haujaisha wanarudi getini kuomba vibarua. Sisi wengine tulisikitika tu. Yeye alienda dukani kununua vitabu.

Kuazima kwake kulikuwa na utaratibu, wala hakukuwa na cheo cha kukuokoa. Unaanza na kile chembamba cha jalada la kijani, kinachokutaka uandike kila senti unayotumia kwa mwezi mzima. Kinafuata cha madeni, halafu cha akiba ya dharura. Hapo ndipo unaruhusiwa kugusa kile kinene cha hisa. Daktari bingwa mmoja alitaka aanze na kinene, maana yeye ni msomi. Akapewa cha kijani. Alinuna wiki nzima, akakisoma, akagundua kwamba analipia ving'amuzi vitatu na nyumbani ana televisheni moja.

Ukirudisha kitabu, anakutazama juu ya miwani na kukuuliza kama umemaliza. Mimi, niliyekaa naye chumba kimoja miaka kumi na sita, niliwahi kumdanganya mara moja. Akaniuliza mwandishi amemalizia na nini. Nikaanza kukohoa. Kitabu kikarudi mkononi mwangu, na chai ya saa nne siku hiyo niliinywa peke yangu.

Watu hudhani swali lile ni ukali. Sivyo. Lilitokana na kosa, naye amesisitiza lisimuliwe hapa, la sivyo haji kwenye hafla ya kumuaga.

Miaka kumi na moja iliyopita alipata kitabu kipya cha uwekezaji, kikamkolea. Alikuwa amefika katikati tu pale dereva wetu wa gari la wagonjwa alipokuja kuuliza afanyeje na akiba yake ya kuezekea nyumba. Akampa kitabu hicho hicho, akamsifia na mwandishi. Dereva akakisoma chote. Sura ya mwisho ilimtaka msomaji atume fedha zake kwenye kampuni ya mwandishi, zirudi mara mbili baada ya miezi mitatu. Akatuma. Miezi mitatu ikapita, simu ya kampuni haipokelewi, na nyumba ya dereva ikabaki kuta zinazotazama mbingu.

Nasi, Mungu atusamehe, tulimcheka. Tukasema tamaa imemponza. Hapo Mama Umemaliza akasimama kwenye mkutano wa wafanyakazi wote, mbele ya katibu wa hospitali, akasema: "Nilimpa mwenzangu kitabu ambacho mimi mwenyewe sikukimaliza. Ningekimaliza, nisingempa. Kosa ni langu, si lake." Kicheko kilikwisha siku ile. Tangu hapo kila kitabu cha rafu kina kadi kwenye ukurasa wa mwisho, yenye sahihi yake na tarehe aliyokimaliza. Kisicho na kadi hakiazimwi.

Dereva hakukanyaga tena masjala. Mafaili aliyapokelea dirishani. Jambo hilo lilimuuma Mama kuliko alivyoonyesha, na aliniambia zaidi ya mara moja kwamba angefurahi kumwona akivuka kizingiti kile kabla hajastaafu. Ila mke wa dereva, dada yetu wa chumba cha kufulia, aliazima kila mwezi bila kukosa. Vitabu alivyorudisha vilikuwa na alama za vidole vya grisi. Chumba cha kufulia kina sabuni, hakina grisi. Mama alizifuta kwa kitambaa, hakuuliza neno, na aliendelea kumchagulia vile vizuri zaidi.

Mwezi uliopita katibu alitangaza kwamba Mama akiondoka, mahali pa rafu patawekwa mashine ya fotokopi, isipokuwa apatikane mfanyakazi wa kutia sahihi kwamba ataitunza rafu. Karatasi ya kutia sahihi ikabandikwa mlangoni. Tukapita mbele yake siku kumi tukitazama viatu vyetu. Mimi nilisingizia mgongo. Mama alikuwa akiifuta rafu kila asubuhi, na kwa mara ya kwanza nilimwona amenyong'onyea.

Siku ya kumi na moja dereva aliingia. Hakuja dirishani, aliingia mlangoni, akasimama katikati ya chumba na ufunguo wa gari mkononi. Akasema: "Humu wote mnaogopa kuulizwa kama mmemaliza. Mimi nilimaliza hata kile ambacho Mama hakukimaliza. Nipeni kalamu."

Mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Kisha akamuuliza lile swali lake. Dereva akajibu kwamba bado vitabu viwili tu. Akapewa vyote viwili jioni ile ile, na karatasi ikamsubiri hadi Jumatano, alipomaliza. Mashine ya fotokopi imewekwa koridoni. Na kwa wasiojua, ile nyumba ina bati zima, tena jipya.

Zawadi yetu kwake ni kitabu. Ametujulisha kwamba atatushukuru akikimaliza.

Mama, asante kwa mafaili, asante kwa rafu, na asante zaidi kwa kusimama siku ile wakati sisi tulikuwa tunacheka. Nenda ukapumzike, mwili uwe na nguvu na moyo uwe mweupe. Siku ukitukumbuka, rudi getini. Wewe huji kuomba kibarua, unakuja kuazima kitabu, na dereva atakuuliza kama umemaliza.