Mwalimu Breki na Karatasi Kumi na Moja

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni. Aliye jikoni apunguze moto, aliye njiani atafute kivuli. Leo tunamkumbuka mwalimu wa udereva. Jina lake la kwenye vyeti wanalo ndugu zake. Mitaani aliitwa Mwalimu Breki, na sisi tutamwita hivyo hivyo. Alifariki mwezi uliopita, akiwa na miaka sitini na mmoja. Ameacha mke, na ameacha binti mmoja. Binti huyo yuko gerezani. Yuko gerezani kwa sababu baba yake alikwenda polisi.

Tunalisema mapema, maana mjane wake, mpishi wa shule ya msingi, alituomba hivyo. "Msimpambe," alituambia, mikono yake ikiwa bado na unga. "Semeni alivyokuwa."

Basi, alivyokuwa.

Miaka ishirini na sita Mwalimu Breki alifundisha watu kuendesha gari. Gari lake lilikuwa dogo, rangi ya maziwa yaliyochacha, na lilikuwa na breki mbili. Moja ya mwanafunzi. Nyingine chini ya mguu wake mwenyewe, upande wa abiria. Mwanafunzi akielekea mtaroni, Mwalimu Breki hakupiga kelele. Alikanyaga. Gari likisimama, alisema, "Haya, tumesimama. Hakuna aliyekufa. Pumua." Kisha walibadilishana viti, akamrudisha mwanafunzi kwao salama.

Shemeji yake, fundi wa gereji aliyemwoa dada yake, anacheka na kufuta macho kwa wakati mmoja. "Nilikuwa namwambia, shemeji, huo mguu wako utaingia peponi peke yake. Umeokoa watu wengi kuliko wewe mwenyewe!"

Alikuwa na desturi nyingine. Kila baada ya somo alijaza karatasi. Siku, saa, barabara, kosa. Hakumkosoa mtu akiwa ameshika usukani. Aliamini kwamba mwenye hofu hasikii. Jumamosi ndipo alipokaa na mwanafunzi kwenye benchi la ofisini, wakaisoma karatasi pamoja, mstari kwa mstari, na mwanafunzi akapewa nafasi ya kujitetea. "Mwalimu, hapo nilipigiwa honi nikachanganyikiwa." "Sawa, tuandike ulichanganyikiwa." Karatasi bila Jumamosi, alikuwa akisema, ni umbea tu.

Wasikilizaji wapendwa, ishikeni desturi hiyo. Kuandika, halafu kukaa pamoja.

Binti yake alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Baba yake alimwita "mama", kwa kuwa alirithi jina la bibi yake, na pua yake pia. Alikuwa mcheshi. Alimpima baba yake presha kila jioni na kumtisha, "Baba, ukila chumvi nakufunga bandeji mdomoni."

Halafu akaacha kucheka. Kulikuwa na watu kwenye simu. Walimwambia kwamba nje ya nchi kuna hospitali zenye majeruhi wasio na muuguzi, na kwamba yeye ameitwa. Hawakumwambia hospitali hizo ni za nani. Zilikuwa za kundi la itikadi kali, kundi lililopigwa marufuku. Wasichana wawili wa chuo hicho hicho walikuwa wameshaondoka.

Mwalimu Breki aliona. Akafanya alichozoea kufanya. Akachukua karatasi za ofisini, akaandika. "Jumanne. Amefuta picha zake zote." "Jumatano. Hamjibu mama yake." "Ijumaa. Anakwenda kasi, haangalii vioo." "Jumatatu. Amemwambia rafiki yake kwenye simu kwamba akienda hatarudi." Karatasi moja, karatasi mbili, mpaka zikafika kumi na moja.

Lakini Jumamosi ilipofika, hakukaa naye. Ikapita Jumamosi ya kwanza. Ikapita ya pili.

Mkewe anakumbuka. "Nilimwambia, baba, mwulize mtoto! Unamwogopa binti uliyemfundisha kutembea? Akasema, ngoja kidogo, mke wangu. Nikimwuliza, ataniambia ndiyo. Akishaniambia ndiyo, nitafanya nini?"

Jumapili moja akakuta pasi ya kusafiria na tiketi ya basi chini ya godoro. Safari ilikuwa Jumanne. Mtauliza, kwa nini hakuichana tiketi? Kwa nini hakuificha pasi? Mzazi wa mmoja wa wale wasichana wawili alificha pasi. Msichana huyo akapitishwa njia za panya, na hajasikika tena. Mwalimu Breki alilijua hilo.

Jumatatu, baada ya somo la asubuhi, akaenda kituo cha polisi. Alivaa shati lake la mitihani. Mpelelezi alimpokea vizuri, akamvutia kiti.

"Mzee, umefanya jambo la busara. Tutamzuia mpakani."

"Mtamzuia, halafu mtanirudishia?"

"Tutamzuia, mzee. Una chochote cha kutusaidia?"

Akawapa zile karatasi. Kumi na moja, zimebanwa kwa pini. Hakuna aliyemlazimisha. Yeye alidhani zitasomwa kama zinavyosomwa ofisini kwake, binti akiwa pembeni, akijitetea. Alidhani breki ikishakanyagwa, watu hubadilishana viti na kurudi nyumbani.

Jumanne alikaa kwenye benchi la kituo tangu asubuhi, ameshika sweta la binti yake. Saa kumi jioni wakamwambia ameshikwa. Akasimama. Wakamwambia, "Kaa, mzee. Harudi huku. Anapelekwa mahakamani."

Shitaka lilikuwa hili: kujaribu kusafiri nje ya nchi kwa nia ya kujiunga na kundi la itikadi kali. Binti alikana. Alisema alidanganywa, alisema alikwenda kutibu watu. Upande wa mashtaka ulitaka kuonyesha nia. Na nia, wasikilizaji wapendwa, ilikuwa imeandikwa. Imeandikwa na baba, kwa siku na saa.

Akaitwa shahidi wa kwanza. Alijaribu kukataa. Akaelezwa kwamba shahidi aliyeitwa na mahakama akikataa, naye anaingia ndani. Shemeji yake alimsindikiza mpaka mlangoni. Anasema alitembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

Wakili wa serikali akasoma. "'Anakwenda kasi, haangalii vioo.' Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Binti yako alikuwa anaendesha gari siku hiyo?"

"Hapana. Ni namna yetu ya kusema, sisi walimu wa..."

"Jibu swali, shahidi. 'Akienda hatarudi.' Uliyasikia maneno haya kwa masikio yako?"

"Niliyasikia."

"Ulimwuliza alimaanisha nini?"

Hapo akageuka kumtazama binti yake. Hakimu akamwambia ajibu.

"Sikumwuliza," akasema Mwalimu Breki. "Nilimwandika. Sikumwuliza."

Binti alikuwa kizimbani, hatua nane kutoka kwake. Alipopewa nafasi, alisema siku ile alikuwa amegombana na mama yake kwa sababu ya vyombo, akasema hayo kwa hasira. Lakini maneno hayo hayakuwa kwenye karatasi. Akahukumiwa miaka sita.

Tangu siku hiyo, Mwalimu Breki hakuwa na pa kukanyaga. Nyumbani mkewe alipika, akaweka mezani, akaondoka. Mtaani wengine walimwita baba wa gaidi. Wengine, wale waliowahurumia vijana waliokwenda huko, walimwita msaliti. Akipita kijiweni walificha nyuso kwa viganja. "Jamani, mzee huyo, msipige chafya, atawaandika!" Jirani mmoja alimwambia mtoto akililia wembe mpe. Akamjibu, "Aliyesema hivyo hajawahi kufunga kidonda." Wanafunzi wakapungua. Gari likabaki limeegeshwa.

Kila Jumapili alikwenda gerezani. Wageni hupewa dakika ishirini. Askari magereza alikuwa akienda kumwita binti, anarudi peke yake. "Amekataa, mzee." Naye alikuwa akijibu, "Sawa, nitakaa." Alikaa dakika zote ishirini mbele ya kiti kitupu, kofia magotini. Askari mmoja alimwonea huruma, akamwambia aende zake akapumzike. "Dakika ni zake," akasema. "Akibadili mawazo dakika ya kumi na tisa, asinikose."

Miaka mitatu. Katika miaka hiyo mitatu, binti alitoka mara moja tu. Ilikuwa mwaka jana. Mkewe alikuwepo, na ndiye aliyetusimulia.

Binti alikaa. Alikuwa amekonda. Hakusalimia. Aliuliza swali moja.

"Baba, ingekuwa leo, ungekwenda tena polisi?"

Wasikilizaji wapendwa, mwekeeni baba huyo jibu mdomoni. Akisema hapana, amemdanganya mwanawe, naye mwanawe anamjua. Akisema ndiyo, kiti kile kitabaki kitupu. Mkewe anasema alimfinya mguu chini ya meza, aseme hapana. Aseme tu hapana!

"Ndiyo, mama," akasema. "Ningekwenda tena. Lakini karatasi nisingewapa. Na kabla ya kwenda, ningekuuliza."

Binti akasimama. Akasema, "Afadhali ungenidanganya." Akaingia ndani. Hawakuonana tena.

Mwalimu Breki alifariki siku ya Alhamisi, kwenye benchi la zahanati, akisubiri kuitwa kupimwa presha. Muuguzi alipoita jina lake mara ya pili, mtu wa pembeni akamgusa bega. Moyo ulikuwa umesimama. Familia iliomba binti aruhusiwe kuja kuzika. Ombi lilipokelewa, likagongwa muhuri, likapelekwa ofisi nyingine. Jibu lilikuja kaburi likiwa limeshafunikwa. Lilikuwa hapana.

Mama ndiye aliyepeleka habari gerezani. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtuma kwetu, na tuliahidi kuyasema maneno yake kama yalivyo. Haya hapa.

"Mama, waambie redioni wasiseme nimemsamehe. Sijamsamehe. Wale wasichana wawili hawajulikani walipo, na mimi niko hai. Hilo nalijua. Na zile karatasi bado nazisikia zikisomwa. Hilo nalo nalijua. Yote mawili ameniachia yeye, na humu ndani hamna pa kuyaweka."

Wasikilizaji wapendwa, hatuna la kuongeza juu ya hayo. Tuna la kuuliza tu. Huenda nyumbani kwako yupo aliyenyamaza. Amefuta picha, hacheki, hajibu. Umemwona. Je, umekaa naye? Na ninyi mlioshika sheria na funguo, mzazi akija kwenu na hofu yake mikononi, akitaka mwanawe azuiwe lakini asipotee, mna mlango gani wa kumwonyesha zaidi ya ule wa mahabusu? Yeye aliutafuta. Hakuuona.

Tunatoa pole kwa mjane, mama yetu mpishi. Pole kwa shemeji na wote wa gereji. Pole kwa wote waliojifunza kuendesha gari mikononi mwake na leo wako barabarani salama.

Na kwako, binti. Tumeambiwa redio ya ukumbini huko huwashwa saa hizi. Kama ulivyotuomba, hatujasema kwamba umemsamehe. Tunasema tu kwamba umefiwa na baba. Pole, dada yetu.