Kuku wa Arvella na Kikombe cha Daktari

Leo, Ijumaa tarehe 30 Mei 2025, Bi Arvella Stiltner anastaafu baada ya kuitumikia Kliniki ya Maumivu ya Laurel Branch kwa miaka ishirini na sita na miezi mitatu kasoro siku moja. Hiyo siku moja ameilalamikia wiki nzima. Tulimwambia arudi kesho aikamilishe, akakumbuka kwamba kesho ni Jumamosi na ana maharage ya kupalilia.

Alianza kazi tarehe 1 Machi 1999, akitokea jikoni kwa shule ya msingi, alikokuwa mpishi kwa miaka tisa. Siku hizo kliniki ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la matairi, na choo kimoja. Choo hicho ndicho kilichokuwa ofisi ya Arvella. Kazi yake ilikuwa kupokea mkojo wa wagonjwa wetu: wachimba makaa waliovunjika migongo, madereva wa malori waliopinduka mlimani, wauguzi walioumia kwa kuinua watu wazito. Wote wanatumia dawa kali za maumivu, na kwa masharti ya kliniki lazima wapimwe mara kwa mara, ionekane kwamba wanakunywa walichoandikiwa na hawanywi kingine.

Kwa hesabu ya haraka amepokea vikombe kama elfu sitini. Hajawahi kumwaga hata kimoja, ukiacha kile cha mwaka 2006 ambacho tumeahidi kutokizungumzia.

Kila kitu kwake kilikuwa na utaratibu, na hakuna aliyesamehewa. Mifuko inakaguliwa, mikono inaoshwa, maji ya chooni yanatiwa rangi ya buluu yasije yakachotwa, kisha Arvella anasimama nje ya mlango na saa yake. Waliobanwa na aibu aliwaimbia nyimbo za kanisani kupitia mlangoni, kwa sauti ambayo iliwafanya wamalize haraka ili anyamaze. Waliojaribu ujanja aliwanusa kabla hawajaketi. Kuna bwana mmoja alimpa kikombe kilichojaa juisi ya tufaha, ya vuguvugu kabisa. Arvella alikinusa, akamrudishia. “Mwanangu, hii inataka mdalasini kidogo. Kanywe, halafu urudi na yako.”

Yeye pia ndiye aliyekuwa akiwasomea wagonjwa wapya masharti ya kliniki, yote kumi na nne, kwa sauti, kidole juu. Sharti la tisa alilisoma mara mbili: ni marufuku kula mikate au keki zenye mbegu za mpopi, kwa kuwa mbegu hizo ndogo nyeusi hutoka kwenye mmea ule ule wa kasumba, na zinaweza kuacha mofini, dawa itokanayo na kasumba, kwenye mkojo. “Hiyo mikate ya watu wa mjini,” alikuwa akiongeza, “ya duara, yenye tundu katikati. Msiiguse.” Naomba msomaji alikumbuke sharti hilo la tisa.

Sasa nifike kwa Burl Ratliff, maana huwezi kumuaga Arvella bila kumtaja Burl. Ametupa ruhusa tuandike habari zake, kwa sharti moja: niseme alikula sahani tatu, si nne kama Arvella anavyodai.

Burl alichimba makaa miaka ishirini na mbili, mpaka dari la mgodi lilipomwangukia mgongoni. Bila oksikodoni, dawa yake ya maumivu, hawezi kufunga viatu. Akiinywa, anaweza kufanya jambo moja ambalo kwake linazidi yote: kumwinua mkewe, Opal, kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na kumrudisha jioni. Opal alipata kiharusi mwaka 2016. Upande wake wa kulia haufanyi kazi, na maneno anayo machache. Watoto wako Michigan. Siku Burl atakaposhindwa kumwinua, Opal atapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, mwendo wa saa mbili kutoka hapa, na wote wawili wanalijua hilo.

Jumapili ya mwisho ya Agosti 2019 kanisa letu lilikuwa na sikukuu ya kurudi nyumbani, ile ambayo wote waliohamia Ohio na Michigan wanarudi, makaburi yanasafishwa, na meza ndefu zinapangwa uwanjani. Kila mwanamke huleta sahani yake na kusimama nyuma yake akiangalia nani anapakua na nani anapita. Kupita sahani ya mtu bila kuonja ni tusi ambalo wajukuu zako watakumbushwa. Arvella alileta kuku wa mama yake: kuku wa kuokwa na malai, juu biskuti za chumvi zilizopondwa, siagi, na mbegu nyeusi tele. Amempika kila Agosti tangu ujana wake. Mbegu hizo ni za mpopi.

Ndiyo. Yeye, msomaji wa sharti la tisa. Nilipomwuliza ilikuwaje, alinijibu kwa hasira, “Joetta, mimi nilikuwa nawaza mikate! Nani anawaza kuku?”

Burl alizitambua mbegu zile. Lakini mpishi alikuwa amesimama pale, mkono kiunoni, akimtazama. Na alijiambia kwamba kama Arvella mwenyewe anapakua, basi hakuna neno. Akala sahani tatu. Jumatatu asubuhi simu ya kupimwa ghafla ikamwangukia, akaja, akatoa mkojo wake bila wasiwasi. Arvella mwenyewe aliupokea, akakibandika kikombe karatasi ya jina na kukituma maabara ya mjini.

Majibu yalirudi Ijumaa: oksikodoni ipo, kama inavyotakiwa. Na mofini ipo, na kodeini kidogo, zote za kasumba, ambazo hakuna aliyemwandikia.

Dk. Neal Abernathy alikuwa na miezi minne tu hapa, ametoka jiji la Columbus, viatu bado vinang’aa. Alimwita Burl siku ile ile. Mlango ulikuwa wazi na mimi nilisikia yote.

“Bwana Ratliff, umekunywa nini zaidi ya dawa yako?”

“Kahawa.”

“Umekula nini siku hizo?”

Burl aliigeuza kofia yake mkononi. “Chakula cha kanisani.”

“Chakula gani?”

“Cha watu, daktari. Tulipewa, tukala.”

Daktari aliandika kwamba mgonjwa ameshindwa kujieleza, na kwa masharti yetu mgonjwa wa namna hiyo anaandikiwa barua ya kuondolewa: dawa za siku thelathini, kisha basi. Barua ile niliichapa mimi. Nimemjua Burl tangu nikiwa na miaka sita, na sikuuliza swali hata moja, kwa sababu karatasi ilikuwa na mhuri wa maabara. Nalitaja hapa kwa kuwa bado linaniuma.

Arvella hakuwepo Ijumaa hiyo. Alikuwa amempeleka dada yake kung’olewa jino. Alirudi Jumanne, baada ya sikukuu ya wafanyakazi, ambayo kwetu huwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba, akaikuta barua mezani kwangu ikingoja stempu. Aliisoma amesimama. Akaisoma tena ameketi. Kisha akainuka, akaenda hadi chumba cha daktari bila kubisha hodi.

“Daktari, mofini ya Burl niliipika mimi.”

Dk. Abernathy alimwacha aeleze mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, “Bi Arvella, nakuheshimu sana. Lakini kila anayekamatwa huleta habari za mbegu.”

“Nitakula mimi, unipime.”

“Nitajuaje hukumeza kitu kingine?”

“Haya, nani unamwamini humu ndani?”

Daktari alifikiri. “Ukweli? Najiamini mimi mwenyewe.”

“Basi utakula wewe,” akasema Arvella. “Na barua isitoke.” Akaniangalia mimi kupitia mlango uliokuwa wazi. Niliitia barua kwenye droo, nikafunga kwa ufunguo.

Alhamisi saa sita mchana Arvella aliingia na bakuli lile lile, amempika kuku kwa mbegu za kopo lile lile. Daktari alisema ataonja tu, kwa ajili ya sayansi. Sayansi ilimaliza sahani ya kwanza, ikapanguza sahani ya pili kwa mkate, na ya tatu ikaichukua yenyewe bila kukaribishwa.

Ijumaa asubuhi ilifika zamu ya kikombe, na Arvella hakumsamehe hata nukta moja. Mifuko juu ya meza. Osha mikono. Maji ya buluu. Usivute maji. Akasimama nje ya mlango na saa yake. Zikapita dakika kumi. Zikapita thelathini. Dk. Abernathy, ambaye alikuwa amewaandikia wagonjwa wawili mwezi ule kwamba “wamekataa kupimwa” kwa sababu walichelewa, hakupata hata tone.

“Bi Arvella, naomba usisimame hapo.”

“Sharti la kumi na moja, daktari. Nasimama hapa.”

“Basi usiimbe.”

“Kuimba hakukukatazwa.”

Alikunywa maji, akatembea ukumbini, akarudi ndani, akatoka. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri walianza kumpa mawaidha. Mmoja alimshauri afikirie mto unaotiririka. Mwingine alimwambia, kwa huruma kabisa, kwamba hata yeye mara ya kwanza ilimchukua asubuhi nzima na hakuna daktari aliyemwamini. Daktari alimgeukia mtu yule, akamwomba samahani mbele yetu sote. Ilikuwa imebaki dakika sita muda wa saa tatu utimie, ambao ndio kikomo kwa sheria, alipotoka na kikombe chake. Watu walipiga makofi. Arvella alikagua joto lake na kumwambia, “Safi, mwanangu. Weka sahihi hapa.”

Majibu yalikuja Jumatano: mofini ipo, kodeini kidogo. Dk. Abernathy aliyasoma mara mbili, akaniomba ile barua ya Burl. Akaichana mwenyewe, akachukua ufunguo wa gari, akaenda kwa Burl.

Alituambia baadaye kwamba alimwuliza Burl kwa nini hakusema. “Ningesema nini?” Burl alimjibu. “Yule mama ndiye aliyenisomea sharti. Ningesema kanilisha yeye, mngemfukuza. Na kila Jumamosi ndiye anayekuja kumwosha Opal nywele.” Daktari akamgeukia Opal kwenye kiti chake. Opal alijitahidi, akatoa maneno mawili: “Nilimkataza kusema.” Daktari alibaki barazani kwao hadi jioni. Walimlisha maharage na mkate wa mahindi, bila mbegu.

Tangu hapo hakuna barua ya kuondolewa inayotoka kabla mgonjwa hajaulizwa vizuri na majibu hayajarudishwa maabara kuhakikiwa. Swali la kwanza kwenye fomu ni la Arvella, kwa maneno yake: “Jumapili ulikula kwa nani?” Barua saba zilizokuwa tayari zimechapwa hazikutumwa. Wagonjwa wengine walikuwa na makosa kweli, na hao Arvella hakuwatetea hata dakika moja.

Yeye mwenyewe alipewa onyo la maandishi kwa kumlisha mgonjwa kinyume cha sharti la tisa. Aliliwekea fremu, akalitundika juu ya sinki la chumba cha kupimia, na kila mgonjwa mpya analisoma akiosha mikono. Ndiyo tuzo pekee aliyowahi kupokea hapa, kosa ambalo leo tunalirekebisha kwa saa ya ukutani. Arvella, tunajua una saa. Hii haihitaji kusimama nje ya mlango.

Tunakushukuru kwa miaka yote hii, kwa nyimbo zote hata zile za juu mno, na kwa kuingia bila kubisha hodi siku ile. Mimi nakushukuru zaidi ya wengine, kwa ile barua ambayo ingekuwa na stempu yangu. Upumzike vizuri, upalilie maharage yako, goti lako lililochoka kusimama mlangoni likupe amani, na popote utakapopeleka kuku, utangaze mapema.

Meza ya chakula itafunguliwa saa sita. Kuna mabakuli mawili ya kuku, moja lenye mbegu na moja lisilo nazo, yamebandikwa karatasi za vikombe, jina na saa na sahihi, kwa mkono wa Arvella. Lenye mbegu limeombwa na Dk. Abernathy. Jingine ni la Burl, anayekuja na Opal. Wataegesha gari mbele ya mlango mkubwa, na Burl amekataa msaada wa mtu yeyote. Kwa hiyo, Arvella, ikifika saa sita acha kupakua, usimame dirishani, umwangalie akimshusha mkewe.

Joetta Combs, Mapokezi